Maua ya harusi Nakuru na Kisumu: yapi ununue, uyaagize vipi

Kabla ya kuuliza bei, jiulize maua yatakaa saa ngapi bila maji, tena kwenye joto gani. Nakuru iko juu, takriban mita 1,850, na asubuhi zake ni baridi. Kisumu iko karibu mita 1,130, kando ya ziwa, na ndani ya hema saa nane mchana ua lililopendeza Nakuru kutwa nzima hunyauka kabla keki haijakatwa. Tumeyachagua maua haya tukizingatia hilo.

1. Kaneshoni. Wengi hulipita wakikimbilia waridi, na ni hasara yao. Kwenye maji safi hudumu wiki mbili hadi tatu, na safari halichoki. Adui yake ni ethilini, gesi inayotoka kwenye matunda yanayoiva. Likisafiri kando ya mkungu wa ndizi, petali hujikunja kwa ndani kama limelala, na haliamki tena.

2. Waridi. Ndilo linalotakiwa na kila bibi harusi, na Naivasha, ndani ya kaunti hiyohiyo ya Nakuru, hulikuza kwa ajili ya soko la Ulaya. Bonyeza tumba taratibu pale chini linapoungana na shina: likiwa gumu, ni bichi, likibonyea, lina siku nyingi dukani. Petali za nje zenye kingo za kijani au michubuko zisikutishe, huchumwa tu. Kinachotisha ni madoa ya kahawia yenye ukungu wa kijivu, kwa kuwa huenea hadi maua jirani usiku mmoja.

Shingo ikiinama ilhali tumba halijafunguka, hewa imeziba mishipa ya shina. Kata sentimita 2 au 3 kwa mshazari, shina likiwa ndani ya maji, kisha lifunge wima kwa gazeti na kulizamisha hadi shingoni kwa saa mbili. Mara nyingi hurudi.

Waridi la buluu limetiwa rangi, kwani hakuna linaloota hivyo. Likilowa hudondosha rangi kwenye gauni jeupe. Liache.

3. Krisanthemamu na alstromeria. Bei nafuu, hudumu kama wiki mbili, hujaza nafasi vizuri mezani. Krisanthemamu hustahimili joto kuliko waridi.

4. Lili. Linapendeza na kunukia, lakini chavua yake huacha doa la rangi ya chungwa lisilotoka kirahisi. Ing'oe kwa tishu mara ua linapofunguka. Nguo ikichafuka usiifute kwa maji, ibandue chavua kwa selotepu. Lili pia ni sumu kali kwa paka.

Kuagiza. Hesabu mashina, usiseme tu "maua ya meza 15". Meza 15 kwa mashina 8 ni 120. Shada la bibi harusi 25. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa yatakayovunjika, unafika 160, yaani mafungu 8 ya mashina 20. Mwandikie muuzaji rangi, urefu wa shina (sentimita 40 zatosha mezani, 50 au 60 kwa shada), kiwango cha kufunguka na saa ya kupokea. Harusi ikiangukia karibu na tarehe 14 Februari, agiza wiki kadhaa mapema, maana mashamba huwa yanapeleka nje kila shina zuri na bei hupanda.

Pokea maua siku moja kabla, tumba likiwa limeanza tu kufunguka. Kwa Kisumu, yasafirishe usiku au alfajiri kwenye katoni yenye matundu, mbali na injini na kamwe si juu ya keria. Yakifika, ondoa majani yote yatakayozama, kwa kuwa huoza na bakteria huziba shina. Kata ncha upya, weka kwenye ndoo safi iliyojaa maji nusu, chumba cha giza na baridi, saa nne au zaidi. Katika lita moja ya maji tia kijiko kikubwa cha sukari, maji ya nusu limau na matone machache ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Sukari peke yake hulisha bakteria.

Shada la bibi harusi libaki majini hadi dakika ya kuondoka, kisha kausha mashina kwa taulo ndipo ufunge utepe, la sivyo maji yatachuruzika kwenye gauni.