Turubai la kanvasi kwa mzigo wa viazi: zaidi ya mwaka mmoja na nusu kati ya Njombe na Mabibo

Machi mwaka juzi nilishusha soko la Mabibo, Dar es Salaam, magunia saba ya viazi yaliyooza, na mvua haikuwa imegusa mzigo hata tone. Nilikuwa nimefunika fuso kwa turubai la nailoni la bluu, jipya kabisa. Viazi vilikuwa safi, aina ya Sagita, vya Uwemba huku Njombe, vilivyochimbwa juzi yake. Tulipofungua kamba pale sokoni mvuke ulitupiga usoni kama mtu amefunua sufuria. Utingo wangu akapitisha kiganja chini ya turubai, akanionyesha maji yanayochuruzika hadi kwenye kiwiko. "Mama, hii siyo mvua. Viazi vyenyewe vimetoka jasho."

Wiki ile ile nilikwenda kwa fundi maturubai Makambako, nikaagiza la kanvasi: pamba nzito iliyopakwa nta, rangi ya kijani, mita 6 kwa 9, mishono miwili miwili. Nililipa shilingi 480,000. La nailoni lilikuwa limenigharimu 95,000, kwa hiyo mume wangu hakulala vizuri usiku ule, na mimi pia. Sasa nimelitumia misimu yote na naweza kulisema.

Turubai letu linapimwa na barabara. Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, Dar es Salaam ni usawa wa bahari, na kila ukishuka mita 1,000 joto hupanda nyuzi 6 hivi. Mzigo unaofungwa na watu waliovaa makoti mawili unafunguliwa na watu waliovua mashati. Safari moja, nchi moja.

Juni na Julai, wakati wa kipupwe, kanvasi inatesa. Alfajiri huku juu, hasa upande wa Makete, sakitu, yaani umande ulioganda, inalala juu ya nyasi na majani ya viazi yanaungua kama yamepitiwa na moto. Turubai lililokaa nje usiku linakakamaa, halikunjiki, na vidole vinauma kushika kamba. Mara mbili tumelazimika kulisubiri jua lilainike, tukachelewa kutoka kwa saa nzima. La nailoni halina shida hiyo. Lakini baridi ile ile ndiyo rafiki wa viazi, kwa hiyo saa moja ya kusubiri shambani hainipotezei kiazi hata kimoja.

Makambako ni upepo. Aliyewahi kusimama stendi pale jioni anajua ninachosema. Safari ya tatu ringi nne za kupitishia kamba za upande wa kushoto ziling'oka, turubai likaanza kupiga kama bawa, tukasimama kando ya barabara gizani kulifunga upya. Ringi zilikuwa zimepigwa kwenye kitambaa kimoja bila kiraka. Nililirudisha kwa fundi, akaweka viraka vya ngozi na ringi za shaba bila kunidai, na tangu hapo haijang'oka hata moja. Ukiagiza, dai viraka kabla hujalipa.

Sehemu iliyonifanya niandike haya ni Kitonga. Unatoka ubaridi wa Iringa, unapita nyanya za Ilula, halafu barabara inaanza kujinyonga kwenye mlima, na ukifika chini Ruaha Mbuyuni umeingia nchi nyingine: mibuyu, vitunguu, joto linalopanda kutoka kwenye lami. Viazi vinapumua hata vikiwa ndani ya gunia, vinatoa joto na unyevu. Vikitoka kwenye baridi vikakuta tanuri hilo, na juu yake kuna nailoni isiyopitisha hewa, vinajipika. Sasa kila safari nasimama Ruaha Mbuyuni, napanda juu ya mzigo na kuingiza mkono hadi begani. Chini ya kanvasi panakuwa na joto la kawaida la mchana, gunia kavu, harufu ya udongo. Safari moja ya Februari nilifunika nusu ya nyuma kwa lile la bluu makusudi, nipate uhakika. Mbele kukavu, nyuma mkono ulitoka umelowa. Tangu siku hiyo la bluu nimelifanya paa la banda la kuku.

Kwenye mvua napaswa kuwa mkweli. Pamba ikilowa nyuzi zake huvimba na kuziba matundu, ndiyo maana kanvasi inahimili. Lakini mahali gunia linapogusa kitambaa kwa ndani, maji hupenya palepale. Mvua za masika za kutoka Chalinze hadi Kibaha zilinifundisha hilo Aprili: magunia mawili ya juu yalilowa. Siku hizi tunalaza mbao tano juu ya mzigo kabla ya kufunika, kisha nasugua mishono kwa mshumaa kila mwezi. Hapajavuja tena.

Na mvua zenyewe zijue kwa mahali. Wateja wangu wa Dar wananiuliza vuli imeanza huko? Kwetu hakuna vuli. Mvua inafuata jua. Linapoelekea kusini, Oktoba hadi Desemba, mvua inapita pwani ya kaskazini na Kilimanjaro. Linaporudi, Machi hadi Mei, inapita tena, ndiyo masika. Sisi Nyanda za Juu Kusini tuko karibu na mahali mvua inapogeukia, kwenda na kurudi kunaungana, tunapata msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo Januari mzigo unafungwa kwenye tope Njombe na kufunguliwa kwenye jua kali la kaskazi Dar. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa Vuli, wa Msimu na wa Masika kila mmoja peke yake, nami nausoma wote, maana barabara yangu inapita kwenye zote tatu. Mei 2024, walipotangaza Kimbunga Hidaya kinakaribia pwani, nililaza gari Morogoro siku mbili. Turubai lilinyeshewa usiku kucha na viazi vikafika vikavu.

Dodoma nimepeleka mara tatu kupitia Mtera. Kule mvua ya mwaka mzima ni milimita 570 hivi, kama nusu ya Dar, na nilidhani turubai halina kazi. Kazi yake ikawa jua. Viazi vikikaa juani vinageuka kijani na kuwa vichungu, mteja anavikataa, na ana haki. Kanvasi nzito haipitishi mwanga. Ile ya bluu ilikuwa inapitisha, ukiwa ndani unaona magunia yote yamekuwa ya bluu.

Ubaya mkubwa uliobaki ni unyevu wa Dar. Ukilikunja bichi pale Mabibo na kulitupa kwenye bodi, siku ya pili lina madoa meusi ya ukungu na harufu haitoki. Lianike kwanza, hata kama dereva ananuna. Likilowa pia ni zito sana, wanahitajika vijana watatu kulipandisha, na mmoja wao utamlipa.

Anayebeba mahindi makavu au mbao asipoteze fedha zake, nailoni inamtosha. Anayeshusha viazi, kabichi au maparachichi kutoka huku juu, anunue hili, adai viraka vya ngozi, na abebe mbao tano. Langu lina kiraka kimoja cha kuungua na cheche za bomba la moshi, na Jumanne linapakia tena.