Uzoefu wangu: Marin Bear Valley ya 1991 kwenye chumvi ya Malindi

Nyota nne na nusu. Ile nusu iliyokosekana imeliwa na nguzo ya kiti, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo itakayomtoa jasho mtu yeyote wa pwani anayenunua baiskeli ya milimani ya zamani.

Kwanza yenyewe. Ni Marin Bear Valley, fremu ya kromoli (aina ya chuma), magurudumu ya inchi 26, foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ngumu isiyo na springi. Niliichukua kwenye yadi moja ya mitumba Mombasa, katika zile zinazoshuka na makontena kutoka Uingereza, kwa Sh9,000 baada ya kuvutana sana. Stika zimekwisha na rangi imepauka, lakini kuujua umri wake hakukunisumbua. Vipuri vingi vya Shimano, kampuni ya Japani, vya enzi hizo vimepigwa chapa ya herufi mbili mahali pa kujificha: ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. A ni 1976, kisha unahesabu kwenda mbele. Nyuma ya gia yangu pameandikwa PC, yaani Machi 1991. Muuzaji alikuwa ameshaniapia kwamba ni ya 2010.

Marin ni kaunti ya California, na huko kwenye Mlima Tamalpais, miaka ya 1970, ndiko mchezo huu ulikopata umbo lake. Vijana walikuwa wakiokota baiskeli nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, wanazifufua na kuziporomosha mlimani. Breki zilikuwa za kukanyaga pedali kinyume, na habu, yaani kitovu cha gurudumu, ilipata moto hadi grisi ikawaka moshi, kwa hiyo kila baada ya mteremko ilibidi ifunguliwe ijazwe upya. Ilipofika 1981 kampuni ya Specialized walikuwa wameshaleta Stumpjumper kutoka viwanda vya Japani, na baiskeli ya milimani ikawa bidhaa ya dukani. Hilo la vijana kufungua habu na kujaza grisi nalipenda kuliko yote, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe hapa kwetu.

Sasa nguzo ya kiti. Nguzo ni alumini, fremu ni chuma. Viwili hivi vikikaa pamoja penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa na kuota unga mweupe unaovimba ndani ya bomba, na miaka ikipita nguzo inakuwa kama imechomelewa. Kusi ikivuma Malindi hata miwani inashika chumvi, seuze baiskeli inayolala barazani.

Fundi wangu yuko Maweni, mzee aliyeanza na Black Mamba, zile baiskeli nzito za mizigo, mimi sijazaliwa. Aliizunguka, akaigonga kwa kucha, akasema, "Mwanangu, nyundo weka mbali. Hii yataka barafu."

"Barafu ya nini tena, mzee?"

"Ya samaki. Nenda kalete."

Nikaenda kwa wauza samaki nikarudi na barafu kwenye gunia. Mantiki yake ni safi kabisa: baridi huisinyaza alumini karibu mara mbili ya inavyokisinyaza chuma, kwa hiyo nguzo inajiachia kidogo, na hicho kidogo ndicho unachokihitaji. Kabla ya hapo tulikuwa tumeshatoa ekseli ya pedali, tukaipindua fremu miguu juu na kumimina mafuta ya kulegezea kutu ndani ya bomba, ikalala hivyo. Kichwa cha nguzo kikabanwa kwenye jiliwa, barafu ikazungushiwa, kisha tukageuza fremu nzima badala ya kugeuza nguzo. Ilitoa mlio ambao mbwa wa jirani aliuitikia. Ikatoka, imechubuka vibaya lakini nzima.

Wapo watakaokushauri umwage kostiki soda. Ni kweli inayeyusha alumini, ila inaiyeyusha yote, inatoa gesi inayoshika moto na inaunguza ngozi. Mimi siiingizi uani kwangu penye watoto. Afadhali kabla ya kulipa ulegeze bolti ya kiti mbele ya muuzaji ujaribu kukizungusha, na shingo ya usukani vivyo hivyo. Ikigoma, ama shusha bei ama ondoka. Na ukishaitoa nguzo, paka grisi tele na uitoe tena mara kwa mara hata kama hakuna sababu.

Kwenye gololi ndipo baiskeli hii inapozipita nyingi mpya. Baiskeli nyingi za leo zina beringi zilizofungwa: zikiingia maji ya chumvi unatupa kitu kizima na kuagiza kingine Nairobi. Hii ni koni na gololi za wazi. Ekseli ya pedali inataka gololi za robo inchi, 11 kila upande. Habu ya nyuma za robo inchi, 9 kila upande. Ya mbele za 3/16 ya inchi, 10 kila upande. Gololi za vipimo hivi zinauzwa Malindi kwa wale wale wanaouza vipuri vya Black Mamba, na bei yake ni ya kununulia mahamri. Jihadhari na kikombe cha kulia cha ekseli ya pedali, ule upande wa cheni: uzi wake ni wa kinyume, unafungulia kuelekea kulia. Nimeona fremu nzuri zilizoharibiwa uzi na watu wenye nguvu na haraka.

Kutu ya bolti na njugu nilimaliza kwa bilimbi. Wala si utani. Tunda lile lina asidi ileile ya oksaliki ambayo wafufuaji wa ng'ambo wanainunua kwenye mikebe, na hapa mibilimbi inamwaga matunda uani hadi yanaoza. Zilizobaki kwenye achari zinapondwa, bolti zinaloweshwa usiku kucha, asubuhi unazisugua kwa mswaki wa zamani, unasuuza kwa maji yenye magadi kidogo ili asidi ife, unakausha na kupaka mafuta papo hapo. Ukichelewa, kutu inarudi kabla ya adhuhuri. Vipande vya alumini usiviache humo.

Ndani ya mabomba ya fremu mzee alitaka nimimine sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini. Sina shaka yanafanya kazi, mbao za jahazi ni shahidi. Lakini baiskeli ninaipandisha nyumbani, na harufu ya sifa haihami. Nikatumia oili nzito ya injini, nikaigeuzageuza fremu ikaenea.

Gia ndizo zilizonigharimu. Vishikio vya kubonyeza vya kubadilishia gia vilivyokuja nayo, grisi ya ndani ilikuwa imegeuka gundi kwa uzee. Ukivimiminia mafuta mepesi vinaamka, lakini ndani vina vijispringi vidogo mno na mchanga wetu hauvihurumii. Nilivitoa nikaweka Deore XT vya Shimano, vya dole gumba, vile vinavyokaa juu ya usukani, kutoka kwa mkusanyaji wa Nairobi. Vilikula zaidi ya nusu ya bei ya baiskeli yenyewe, na bado nasema nunua. Cha kulia kina kipete: ukikizungusha upande mmoja gia zinaingia kwa hatua, tak tak, upande wa pili hatua zinakwisha na unaitafuta gia mwenyewe kwa kusikiliza cheni. Hapo hata ukifunga sproketi za nyuma za kampuni nyingine, hata waya ukilegea njiani, unaendelea na safari. Sijaona kifaa cha baiskeli kinachoijua Afrika hivi, ingawa aliyekibuni hakuwa akituwaza.

Breki ni za mikono miwili inayovutwa na waya katikati, za kabla ya V-breki, zile za mikono mirefu, kuingia 1996. Zinatosha. Raba za zamani zilikuwa ngumu kama jiwe, nikabadilisha. Usichanganye vishikio vya mkononi vya V-breki na breki hizi, mvuto wa waya haulingani.

Barabarani je? Malindi hatuna mlima, tuna mchanga. Nimeivusha daraja la Sabaki hadi Mambrui, nimeipeleka Marafa kwenye yale mabonde mekundu, zaidi ya kilomita 30 kwenda tu, na fremu ya chuma inameza mitetemo kuliko foku ya springi ya bei rahisi ambayo chumvi inaigandisha. Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke ni habari mbili. Upande wa magharibi, kwenye udongo mwekundu, inakwenda raha. Penye miti ya mrihi na mchanga mweupe unapunguza upepo wa matairi, unashusha gia ya chini kabisa, na pakizidi unashuka kuikokota. Mwenye kutaka kupita mchanga mzito bila kushuka anunue ya kisasa yenye matairi manene, hii si yake. Wala si ya anayetaka kupanda leo leo: yangu ilikaa wazi mezani muda mrefu nikisubiri vipuri.

Jambo la mwisho ni matairi, maana wengi wanatupa pesa hapa. Dukani utaambiwa ishirini na sita ni ishirini na sita. Si kweli. Tairi iliyoandikwa 26 x 1 3/8, ya baiskeli za kawaida, imetengenezewa rimu ya milimita 590; hii yetu ni 559, na tairi yake huandikwa kwa nukta, kama 26 x 1.95 au 26 x 2.1. Soma ubavuni utafute 559 kabla ya kutoa pesa. Za 2.1 ndizo ninazotumia. Zinaingia kwenye fremu hii na nafasi ya matope inabaki. Chubu nunua zenye valvu nene kama ya gari, ili pampu yoyote ya Gongoni au Ganda ikufae.