Mawindo ya Kununua kwa Ufugaji wa Wadudu Mbuai: Lipi Litangulie?

Anayefuga wadudu mbuai, yaani wanaokula wadudu wengine, ili wapambane na waharibifu wa mazao hugundua upesi kwamba fedha nyingi haziishii kwenye vizimba wala taa, bali kwenye chakula. Kwa sababu hiyo sikuyapanga mawindo kwa bei ya gramu moja, bali kwa idadi ya wadudu wapevu, wenye afya na wanaotaga vizuri, ambao gramu hiyo inaweza kuwalea.

Nafasi ya kwanza nayapa mayai ya nondo wa unga, Ephestia kuehniella, ingawa bei yake humshtua kila anayeyanunua mara ya kwanza. Mabuu ya krisopa wa kijani, Chrysoperla carnea, mdudu mwenye mabawa kama wavu, huyanyonya bila kusita, na vivyo hivyo kunguni wawindaji kama Orius na Macrolophus pygmaeus. Hata Adalia bipunctata, mbawakawa wa madoa mawili ambaye kwa asili ni mla vidukari (wadudu wadogo wanyonyao utomvu wa mimea), hupevuka kwa mayai hayo yakichanganywa na chavua. Nunua mayai yaliyokwisha kuuawa kwa mionzi ya urujuanimno au kwa kugandishwa, kwa kuwa yakianguliwa kizimbani, viwavi hufuma nyuzi zinazowanasa mbuai wachanga, na wakitoroka huingia ghalani. Kabla ya kulipa, yatazame chini ya kioo cha kukuzia: yai jema limejaa na halijagandamana na wenzake. Yai lililobonyea limekwisha kukauka, na mdudu anayeishi kwa kunyonya hapati kitu humo.

Wanaofuata ni nondo wawili wa nafaka, Sitotroga cerealella na Corcyra cephalonica. Huyu wa pili ndiye anayetumika sana India, ambako hulelewa kwa nafaka iliyopondwa, hasa mtama na uwele. Mayai yao yanafaa kwa krisopa, na anayetaka kuacha kununua akazalisha mwenyewe ataona nondo hawa wanafugika kwa malighafi rahisi. Muulize muuzaji jinsi anavyoyasafisha, kwa maana magamba ya mabawa yanayobaki kwenye mayai ni vumbi linaloweza kuwaletea wafanyakazi mzio wa kifua, na utitiri ukija pamoja na mzigo unaweza kuiangamiza koloni nzima ya nondo.

Nafasi ya tatu ni ya Artemia, uduvi mdogo wa maji ya chumvi, ambaye mayai yake makavu wafugaji wa samaki wameyazoea kwa miaka mingi. Ni nafuu kuliko mayai ya nondo, na yakiwa makavu hukaa muda mrefu bila kuharibika. Chagua yaliyoondolewa ganda gumu, kisha yaloweke kwa muda mfupi kabla ya kuwapa wadudu. Orius na Macrolophus huyala, lakini ubora hutofautiana kati ya shehena na shehena, na mimi nisingethubutu kuwalisha vizazi vingi mfululizo bila kuchanganya mayai ya Ephestia.

Vidukari hai nimewaweka nafasi ya nne kwa sababu moja tu: ukiwanunua umejitwika pia kazi ya kulima mimea yao. Kwa mbawakawa wa madoa, hata hivyo, ndio chakula cha asili, alimradi spishi ichaguliwe kwa uangalifu. Acyrthosiphon pisum, kidukari wa njegere, ni chaguo zuri. Megoura viciae ni sumu kwa Adalia bipunctata, ingawa asiyejua atawaona wote wawili ni vidukari wa kijani tu.

Wako mbuai ambao orodha hii haiwahusu. Rodolia cardinalis, mbawakawa mwingine wa jamii ya Adalia, aliyepelekwa California kutoka Australia mnamo 1888 kupambana na Icerya purchasi, mdudu mnyonya utomvu, kwenye michungwa, anamtaka mdudu huyo huyo. Cryptolaemus montrouzieri, naye mbawakawa wa jamii hiyo, ni mla vidung'ata, wadudu wanyonya utomvu waliofunikwa na nta nyeupe, na jike lake huchochewa kutaga na nyuzi zao za nta, kwa hiyo anayemfuga anunue vidung'ata hai, awalee kwenye maboga au viazi vilivyochipua.

Lolote utakalolichagua, anza na kifurushi kidogo. Tenga mabuu kadhaa yaliyoanguliwa siku moja, kila buu katika chombo chake, maana krisopa wakikaa pamoja hulana. Yalishe kwa mawindo hayo tu, kisha hesabu yaliyofikia upevu na mayai yatakayotagwa, na hapo ndipo uagize kilo.