Kaliandra horini: uzoefu wangu wa majani yanayopunguza gesi ya ng'ombe

Nianze na jibu kwa wenye haraka: kaliandra, kichaka cha malisho, inalipa, hasa kiangazi, mradi uwe na kingo za matuta za kuipanda na mtu wa kuikata kila siku. Na methani, ile gesi ya ng'ombe inayoongeza joto duniani, inapungua kweli, ila si kwa njia ambayo wengi wanaidhania. Kwenye hilo nitakaa zaidi, kwa sababu ndilo ninaloulizwa sana.

Nafuga Lushoto, upande wa Soni, ng'ombe wawili chotara wa Friziani, wote wa bandani. Huku kwetu shamba ni mteremko na hakuna pa kuachia mifugo, kwa hiyo ng'ombe anakatiwa kila anachokula: matete, gwatemala, mabua ya mahindi, majani ya migomba, na pumba pale fedha inaporuhusu. Mvua zikikatika matete yanakomaa yanakuwa miti mitupu. Ng'ombe anajaza tumbo lakini maziwa hayaji. Mimi niliingia kwenye kaliandra nikitafuta njia ya kupunguza gharama ya mashudu ya alizeti. Habari za gesi zilikuja baadaye, kupitia kwa bwana mifugo wetu, na nikaanza kusoma.

Zilipofika kwa majirani zikageuka utani. Jirani yangu mmoja kila akinikuta na mzigo wa majani ananiuliza, "Shemeji, kwani ng'ombe wako wakijamba mbingu inatoboka?" Namjibu kwamba amekosea upande. Sehemu kubwa ya methani ya ng'ombe, zaidi ya asilimia 90, hutoka kwa mdomo, kwa mbweu. Kwenye tumbo la kwanza kuna vijidudu vinavyovunja nyuzinyuzi za majani, na kazi hiyo inaacha haidrojeni. Vijidudu vya kundi jingine huichukua haidrojeni hiyo, huiunganisha na kaboni dayoksaidi, na kutoa methani. Ng'ombe hana kazi nayo, anaitoa nje. Ukikaa karibu naye jioni anapocheua utamsikia mwenyewe.

Kwa mfugaji habari ya maana ni hii: methani ni nguvu ya chakula inayopotea. Kulingana na anachokula, ng'ombe hupoteza kati ya asilimia 2 na 12 ya nguvu iliyomo kwenye chakula chake kwa njia ya gesi hiyo. Majani makavu yaliyokomaa ndiyo yanayompeleka kwenye kiwango cha juu. Yaani kiangazi, ninapohangaika zaidi kutafuta malisho, ndipo sehemu kubwa zaidi ya jasho langu inapoishia hewani.

Sasa kaliandra yenyewe. Ni kichaka cha jamii ya kunde, asili yake Amerika ya Kati, na huku Afrika Mashariki sifa yake imejengwa zaidi na utafiti uliofanyika Embu, Kenya, miaka ya 1990, ambako watafiti wa kilimo, wa misitu na wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, waliijaribu kwenye mashamba ya wafugaji wadogo wenyewe. Hesabu waliyoitoa ndiyo ninayoitumia mpaka leo: kilo 3 za majani mabichi zinashika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Ukimpa ng'ombe kilo 6 kwa siku, unahitaji vichaka 500 hivi ili vikutoshe mwaka mzima kwa ng'ombe huyo mmoja. Protini iko juu, kati ya asilimia 20 na 25 ya uzito mkavu, wakati matete yaliyokomaa hayafiki hata nusu ya hapo.

Chuma jani moja ulitafune. Mwanzoni halina ladha ya kusema, kisha ukakasi unakuja na ulimi unakauka kama umeuma ndizi mbichi. Huo ukakasi ni tanini, na ndiyo inayohusika na gesi. Tanini huvibana vijidudu vinavyotengeneza methani, hupunguza na viumbe vingine vidogo vinavyovilisha haidrojeni, na vilevile huishika protini isivunjwe yote kwenye tumbo la kwanza, ili sehemu yake ifike mbele inakofaa zaidi.

Lakini wanaoisifia kaliandra huishia hapo, na mimi sitaki kuishia hapo. Tanini ikizidi, inaishika protini kiasi kwamba hata ng'ombe haipati, inapita hadi kwenye samadi. Halafu sehemu ya punguzo la methani linalosifiwa inatokana na ng'ombe kushindwa kumeng'enya nyuzinyuzi vizuri. Gesi imepungua kwa sababu chakula hakijafanya kazi! Hilo si punguzo la kulifurahia. Ndiyo maana wataalamu wanasema isizidi thuluthi moja ya chakula chote, na mimi nabaki chini ya hapo.

Kwa upande wa maziwa, yule anayekamuliwa sasa alikuwa anatoa lita sita kiangazi kwa matete, mabua na pumba kidogo. Kwa ndoo ya kaliandra asubuhi na nyingine jioni, aliongeza lita moja na nusu hivi, na hakurudi nyuma muda wote nilioendelea kumpa. Maziwa pia yalikuwa mazito zaidi. Mke wangu, ambaye ndiye mwenye mtindi pale nyumbani, aliona utando wa juu umenenepa kabla sijamwambia nimebadilisha chochote. Watafiti wa Embu nao waliona mafuta ya maziwa yakiongezeka, kwa hiyo si macho yake tu.

Hiyo lita moja na nusu ndiyo inayobeba habari yote ya methani kwa mfugaji wa aina yangu. Wale wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi, IPCC, waliweka makadirio mwaka 2006 kwa nchi zisizo na vipimo vyake. Ng'ombe wa maziwa wa Amerika Kaskazini alikadiriwa kutoa kilo 128 za methani kwa mwaka, na maziwa kilo 8,400. Wa Afrika na Mashariki ya Kati alikadiriwa kilo 46 za methani, na maziwa kilo 475. Ukitazama ng'ombe kwa ng'ombe, wa kwetu ni msafi mara karibu tatu. Ukigawa kwa maziwa mambo yanageuka: wao gramu 15 hivi kwa kila kilo ya maziwa, sisi gramu 97. Sababu haina siri. Ng'ombe hula kwanza ili aishi, na methani ya chakula hicho cha kuishi inatoka hata asipotoa kikombe. Anayetoa lita mbili na anayetoa lita kumi wote wanalipa gharama hiyo. Tofauti ni maziwa mangapi yanaibeba.

Kwa hiyo ukiniuliza ng'ombe wangu anatoa methani kiasi gani siku hizi, sina chombo cha kukujibu. Vyumba maalumu vya kumpima ng'ombe pumzi viko ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, Nairobi, si Soni. Ninachopima mimi ni ndoo ya maziwa dhidi ya mzigo wa majani, na ndoo ikipanda kwa kiasi kilekile cha chakula, gesi ya kila lita imeshuka.

Nimetumia na vitu vingine, niviseme kwa ufupi. Mashudu ya alizeti yanayotoka kwenye mashine ndogo za kukamulia bado yana mafuta mengi, na mafuta hupunguza methani: kila asilimia moja ya mafuta inayoongezwa kwenye chakula chote inashusha gesi kwa asilimia 3 hadi 5 hivi. Ni chakula kizuri na ng'ombe wanakipenda. Lakini mafuta yote kwenye chakula yakipita asilimia 6 au 7 ng'ombe anapunguza kula, na bei ya mashudu siku hizi inakata hamu kabla ng'ombe hajafika huko. Tofali la kulamba la molasi na urea nalo linasaidia pale mtu anapolisha mabua makavu, kwa sababu vijidudu vya tumboni vinapata naitrojeni ya kufanyia kazi. Linunue kwa mtu unayemwamini, liwekwe palipo pakavu, na ndama asiliguse. Urea ikiyeyuka akainywa kama maji, unamzika.

Unga wa majani ya lusina, mti mwingine wa malisho, unaouzwa Tanga, niliununua wakati kaliandra yangu bado changa. Protini ipo na tanini ipo. Tatizo lake ni mimosini, sumu inayoweza kumnyonyoa ng'ombe nywele ukimlisha kwa wingi na kwa muda mrefu. Pia mfuko mmoja nilioletewa na mchuuzi ulikuwa na vijiti na mchanga chini, juu ndiyo majani. Ukinunua, mwaga nusu ya mfuko kwenye turubai kabla ya kulipa.

Halafu kuna ule unga unaozungumzwa sana Ulaya, Bovaer. Nimeulizwa kama tuagize. Dawa iliyomo huzuia kimeng'enya cha mwisho ambacho vijidudu hutumia kutengeneza methani, kipimo ni robo ya kijiko cha chai kwa ng'ombe kwa siku, na kwa ng'ombe wa maziwa gesi inashuka kwa wastani wa asilimia 30. Umoja wa Ulaya uliuruhusu mwaka 2022, Marekani mwaka 2024. Sina ugomvi nao. Lakini umetengenezwa kwa ng'ombe ambaye chakula chake chote kimechanganywa kwa mashine na yuko horini kutwa, kwa sababu unavunjika haraka tumboni na lazima uingie kidogo kidogo na kila tonge. Mimi natupa matete asubuhi, natupa jioni. Tena hauongezi maziwa. Mkulima wa Denmark serikali yake ilitenga fedha za kumsaidia gharama; mimi nitamwambia nini mwenye duka?

Nirudi kwenye kaliandra, maana kero zake zipo. Ya kwanza ni kusubiri. Mbegu unaziloweka siku mbili kwenye maji baridi, unasia, unahamisha miche mvua ikianza, kisha unakaa karibu mwaka mzima bila kukata, na miezi hiyo yote mbuzi wa jirani wanaijua njia. Ya pili ni idadi. Vichaka 500 kwa ng'ombe mmoja ni vingi. Nimepanda kwenye kingo zote za matuta na mpaka wa shamba, na bado nawalisha wote wawili kiangazi tu. Mvua zikiwepo anapata aliye kwenye maziwa peke yake. Ya tatu ni mikono. Majani yake ni membamba mno, yanapukutika, na ukikata na kuacha mpaka kesho yamenyauka. Hilo si dogo: kaliandra ikikauka, umeng'enywaji wake unashuka, tanini inakaza zaidi. Ikatwe na iliwe siku hiyohiyo. Anayekuuzia kaliandra kavu kwenye gunia anakuuzia nusu ya kitu.

Ng'ombe wangu mkubwa aliikataa mwanzoni. Alikuwa anainusa, anasukuma kwa pua, anachagua matete chini yake. Nikawa naikatakata pamoja na majani ya viazi vitamu anayoyapenda na kunyunyizia pumba yenye chumvi juu, nikipunguza viazi kadiri anavyozoea. Mtamba hakuhitaji kubembelezwa. Mbuzi ndio kabisa, ukigeuka tu umelia.

Faida ambazo hazimo kwenye ndoo nazo nizitaje. Kingo za matuta zimeshika; mvua kubwa za masika hazijashusha udongo wangu barabarani kama zamani. Miti ikiachwa ichanue inaleta nyuki, na vijiti ninavyovua majani vinawasha jiko. Samadi inarudi kwenye migomba.

Onyo moja kwa wanaopanda kwa sababu wamesikia fedha za kaboni, yaani malipo ya kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani. Kuna mtu alipita kwetu na fomu za kusaini, akahesabu miche yangu, akahesabu ng'ombe, akaahidi malipo, na baada ya hapo simu yake haikupokelewa tena. Panda kwa ajili ya maziwa. Kama malipo yatakuja, yatakukuta tayari umeshapata chako.

Nyota? Nne kati ya tano kwa mwenye shamba la mteremko, mvua ya kutosha na ng'ombe mmoja au wawili. Mbili kwa anayefugia mjini na kununua majani barabarani, kwa sababu yatamfikia yamenyauka. Huyo bora mashudu kwa kipimo. Kwa walio juu kabisa milimani kwenye baridi kali, kaliandra inadumaa, msipoteze miche.

Kukata: subiri kichaka kipite kimo chako, kata kwa kisu kikali usawa wa kiuno au chini kidogo, usikivue majani yote hadi kwenye kisiki, na kipe wastani wa miezi miwili kabla ya kukirudia. Kiangazi kikali kipe zaidi. Mimi mwaka huu naongeza mstari mmoja wa desmodiamu, malisho mengine ya jamii ya kunde, chini ya matete, na miche nimeshaagiza kwa bibi mmoja wa bondeni anayeotesha vizuri.