Miezi mitatu na kichujio cha matusi katika programu ya muziki
Kichujio hiki huzuia wimbo kwa kutegemea alama ya lugha chafu inayowekwa na wenye wimbo wenyewe, alama ambayo kampuni za muziki za Marekani zilikubali kuitumia mwaka 1985. Kwa hiyo wimbo usiowekewa alama hupita bila kizuizi. Ndivyo binti yangu wa miaka 4 alivyoliokota tusi zito, akalitamka mbele ya bibi yake huku akimvisha mwanasesere kiatu, kwa sauti ile ile anayoombea maji. Sikumfokea, kwa kuwa hakujua maana yake. Nilimweleza kwa upole kwamba neno hilo huumiza watu. Bado nakipendekeza, ingawa nasikitika kwamba hakiwezi kunyamazisha neno moja, bali huondoa wimbo mzima.