Pentax K1000: Kamera ya Mwaka 1976 Mikononi mwa Mpiga Picha wa Leo

Hamjambo watazamaji, na karibuni tena. Kamera niliyoiweka hapa mezani haina skrini, haina kadi ya kumbukumbu, na wala haina kitufe cha kuiwashia. Ni Pentax K1000, iliyoingia sokoni mwaka 1976 na kuendelea kutengenezwa hadi 1997 bila kubadilika sana. Mwaka huohuo wa 1976, Canon walitoa AE-1, kamera iliyokuwa na ubongo wa kielektroniki na iliyoonekana kuwa ndiyo kamera ya kesho. Lakini leo AE-1 ikiishiwa betri haipigi hata picha moja, ilhali hii yangu itapiga kwa kasi zake zote, kuanzia sekunde moja hadi sehemu moja ya elfu ya sekunde, hata nikiitoa betri nikaitupa. Kibetri chake cha duara, kama kile cha kikokotoo, kinaendesha kipima mwanga peke yake.

Naisogeza karibu ili muione vizuri. Mwili wenyewe bila lenzi una uzito wa gramu 620 hivi, na ukiubeba kutwa nzima shingo itakueleza. Juu, upande wa kulia, kuna wenzo wa kusogezea filamu; nausukuma kwa dole gumba, mnasikia meno yakishika. Sasa nabonyeza. Huo mlio ni wa kioo cha ndani kuinuka na shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuifikia filamu, kufunguka, na ninakiri kwamba nilipoupiga kwenye ndoa msikitini, wakati kadhi anamsomesha bwana harusi, mstari mzima wa mbele uligeuka kunitazama.

Kazi yote unaifanya mwenyewe. Unachagua kasi ya shata, unachagua upana wa tundu la lenzi, unazungusha lenzi mpaka sura iwe kali, na ndani ya kidirisha, upande wa kulia, kuna sindano ndogo inayopanda mwanga ukizidi na kushuka mwanga ukipungua. Ikitulia katikati, unapiga. Hakuna saa ya kujipiga, hakuna taa, hakuna kingine.

Hapo kwenye sindano ndipo wachambuzi wengi hupita haraka, nami ninataka tukae kidogo, kwa sababu sisi wa pwani inatuhusu kuliko wengine. Kipima mwanga hiki hupima fremu nzima kwa wastani, kikidhani kwamba kila kilichopo mbele yake, kikichanganywa, kitatoa rangi ya kijivu cha kati. Sikukuu moja ya Idi nilimpiga babu yangu picha akiwa amekaa barazani, amevaa kanzu nyeupe, nyuma yake ukuta uliopakwa chokaa. Sindano ilipanda mpaka juu. Nikaitii, nikalibana tundu la lenzi mpaka ikarudi katikati. Filamu iliposafishwa, ukuta ulikuwa wa kijivu, kanzu ya kijivu, na uso wa babu haukuonekana macho wala tabasamu. Kamera haikuharibika, ilifanya ilichoundwa kufanya. Tangu siku ile, kabla ya kumpiga mtu, ninamsogelea mpaka uso wake ujaze kidirisha, ninaisoma sindano pale, kisha ninarudi nyuma na kupiga bila kugusa chochote, hata kama sindano inapiga kelele. Kwa aliyevaa buibui jeusi hesabu inageuka, lakini hapo kosa si kubwa, maana filamu ya negativu, ile ambayo cheupe hutoka cheusi na cheusi cheupe, huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua.

Kosa jingine lilikuwa langu mwenyewe. Katika harusi ya binamu yangu nilipiga picha 36, ambazo ndizo mwisho wa filamu, nikasukuma wenzo, ukakubali. Nikapiga ya 37, ya 38, ya 40, nikifurahi kwamba filamu ile ina baraka. Kumbe ulimi wa filamu haukushika kwenye kigurudumu, na siku nzima nilikuwa nikipiga hewa, huku kihesabio kikihesabu misukumo ya wenzo tu. Kwa hiyo tazameni hiki kirungu cha upande wa kushoto, cha kurudishia filamu: ukishaikaza filamu ndani, kila unaposukuma wenzo ni lazima kizunguke. Kisipozunguka, fungua mapema. Binamu yangu bado ananidai picha.

Anayetaka kununua aikague kwa mkono na pua. Nikisema pua simaanishi utani: kamera iliyokaa miaka kwenye kabati katika unyevu wa pwani hunuka kuvu, na kuvu hiyo ikiingia ndani ya lenzi hujichora kama utando wa buibui, unaouona ukimulika tochi upande mmoja na kuchungulia upande wa pili. Fungua mgongo uguse sponji nyeusi za pembeni. Zikiganda kidoleni kama lami, mwanga unaingia, ingawa hilo si la kukukimbiza, kwa sababu fundi mwenye subira huzibadilisha. Kamera za K1000 za zamani, zenye jina la kampuni ya Asahi juu ya lenzi, zilitengenezwa Japani kwa chuma zaidi. Baadaye kazi ilihamia Hong Kong na kisha Uchina, na plastiki ikaongezeka. Mimi ningechagua ya zamani, lakini nzima ya Uchina ni bora kuliko mbovu ya Japani.

Gharama hasa haimo katika kamera, imo katika filamu na kuisafisha, na kila nikibonyeza nasikia shilingi zikidondoka. Ndiyo maana filamu nyeusi na nyeupe naisafisha mwenyewe. Usiku, taa zimezimwa na kitambaa kimeziba chini ya mlango wa bafu, naiviringisha filamu ndani ya kopo lisilopitisha mwanga, kisha nafanya yaliyobaki taa zikiwaka. Tatizo ni joto. Filamu ya Ilford HP5 Plus katika dawa ya kusafishia ya ID-11 isiyoongezwa maji inataka dakika saba na nusu kwa nyuzi joto 20, na maji ya bomba ya Dar es Salaam hayajawahi kuiona 20. Ukiyatumia yalivyo, muda unafupika mno na picha hutoka na mabaka. Hivyo mimi huliweka kopo ndani ya beseni lenye barafu ya mfuko, ile inayouzwa dukani kwa ajili ya maji ya kunywa, na kipimajoto kikiwa mkononi. Negativu zikikauka nazipiga picha kwa kamera ya dijitali juu ya kibao cha taa, na ndivyo zinavyofika hapa kwenye skrini zenu.

Mtaniuliza basi kwa nini nisianze na dijitali yenyewe. Sikubaliani na wanaosema kwamba filamu ina roho na dijitali haina. Chembechembe na rangi zile, programu ya simu inaziiga vizuri tu. Ninachokipenda ni kwamba K1000 inanilazimisha kuamua kabla ya kubonyeza, na uamuzi ukishapita hakuna pa kuuchungulia. Mpiga picha wa harusi anayelipwa asiifanye kamera yake ya pekee, na nimeshawaeleza kwa nini. Mwanafunzi anayetaka kujua mwanga unavyofanya kazi, sijaona mwalimu wa bei nafuu kuliko huyu. Filamu iliyomo humu ndani sasa imefika picha ya 22. Ya kwanza nilipiga Kariakoo asubuhi ya mvua, na zile nne zilizofuata, kusema kweli, sikumbuki nilimpiga nani.