Mkusanyaji wa sarafu za kale za dhahabu aanze na ipi: sultani ya Kiosmani au mohur ya Kimughal?
Sultani, iliyoanza kugongwa mwaka 882 wa Hijria (1477/78) enzi za Mehmed II, mtawala wa Waturuki wa Kiosmani, kwa kufuata uzito wa dukati, sarafu ya dhahabu ya Venisi, yaani takriban gramu 3.5, ni sarafu nyembamba ambayo mara nyingi hukutwa na kitundu karibu na ukingo, kwa kuwa ilivaliwa kama pambo. Zile za Suleiman, mtawala wa baadaye wa Waosmani, hubeba mwaka 926, ambao ni mwaka wa kutawazwa kwake wala si wa kugongwa, hivyo mkusanyaji hana budi kusoma jina la mji ilikogongwa: Misr (Kairo), Halab (Aleppo) au Kostantiniye (Istanbul).

Mohur ya Wamughal wa India, ambayo jina lake ni ndugu wa neno letu "muhuri", ina takriban gramu 11, na nyingi huonyesha mwaka wa Hijria pamoja na mwaka wa utawala. Kuipangia tarehe ni rahisi zaidi. Bei yake ndiyo nzito, na zile za mfalme Jahangir zenye alama za buruji (nyota za unajimu) zimeigwa mno. Mimi ningeanza na sultani, hata iliyotobolewa, mradi tundu halijala maandishi.